Kanda zisizo na mwenyewe: kuielewa filamu ya Caché

Mtu akimaliza kuitazama Caché kwa mara ya kwanza, swali linalomtoka mdomoni huwa moja: nani alikuwa anatuma zile kanda? Nimelisikia kwa karibu kila niliyemshauri aitazame, na mara nyingi linakuja na hasira, hasira ya mtu aliyeahidiwa jibu kisha akanyimwa. Ana haki ya kukasirika. Michael Haneke, mwongozaji wa Austria aliyeitengeneza filamu hii nchini Ufaransa mwaka 2005, anazijua kanuni za filamu ya taharuki, na kwa karibu saa mbili anazifuata barabara. Tishio lipo, dalili zipo, mshukiwa yupo, damu ipo. Inapofika zamu ya kumtaja mhalifu, filamu inaisha.

Nataka kueleza kwa nini inaisha hivyo, na kwa nini naamini kwamba anayeendelea kumsaka mtumaji anatafuta mahali palepale ambapo mhusika mkuu wa filamu angependa sote tutafute. Ili kufanya hivyo itabidi nisimulie kisa mpaka mwisho. Ambaye hajaiona na anataka kuikuta bila kujua lolote, aisome makala hii baadaye.

Kisa chenyewe

Georges Laurent, anayeigizwa na Daniel Auteuil, anaendesha kipindi cha vitabu kwenye televisheni. Mkewe Anne, yaani Juliette Binoche, anafanya kazi katika kampuni ya kuchapisha vitabu. Mtoto wao Pierrot ana miaka 12. Wanaishi Paris, katika nyumba ambayo kuta za sebule zimejaa vitabu kuanzia chini hadi juu, na katikati ya vitabu hivyo kuna televisheni.

Siku moja wanakuta mlangoni mfuko wenye kanda ya video. Hamna tishio ndani yake, wala siri ya chumbani. Ni mbele ya nyumba yao tu, imepigwa kutoka mtaa unaotazamana nayo, kwa muda mrefu, bila kamera kutikisika. Georges anaonekana akitoka kwenda kazini, basi. Inafuata ya pili, ya usiku, imefungwa ndani ya mchoro ulio kama wa mtoto mdogo: uso unaotoka damu mdomoni. Michoro mingine inafika kwa posta, mmoja kazini kwa Georges, mwingine shuleni kwa Pierrot. Kanda ya tatu inaletwa usiku ambao wamealika marafiki kwa chakula, pamoja na mchoro wa jogoo aliyekatwa shingo, na inaonyesha nyumba ya shambani alikokulia Georges. Ya nne inapita barabarani ndani ya gari hadi Romainville, mashariki mwa Paris, kisha inatembea kwenye korido ya jengo la nyumba za bei nafuu na kusimama mbele ya mlango mmoja.

Georges anakwenda kubisha hodi kwenye mlango huo. Anayefungua ni Majid, Mwalgeria wa makamo, mpole, aliyechoka, anayeigizwa na Maurice Bénichou kwa namna ambayo sijaweza kuisahau. Wanafahamiana. Wazazi wa Majid walikuwa vibarua kwenye shamba la wazazi wa Georges. Oktoba 1961 walikwenda Paris kwenye maandamano na hawakurudi tena. Wazazi wa Georges wakaamua kumlea mtoto wao kama wa kwao. Georges, akiwa na miaka 6, hakutaka kugawana chumba wala wazazi. Akasema Majid anakohoa damu. Daktari hakuona kitu. Akamwambia Majid kwamba baba anataka jogoo achinjwe, Majid akamchinja, damu ikamrukia, na Georges akawaambia wakubwa kwamba amefanya hivyo ili kumtisha. Majid akapelekwa kwenye nyumba ya watoto yatima.

Sasa, zaidi ya miaka 40 baadaye, Georges anamtishia Majid ndani ya nyumba ya Majid mwenyewe. Majid anasema hajui lolote kuhusu kanda. Siku chache zikipita inafika kanda ya mazungumzo hayohayo, na inaendelea baada ya Georges kuondoka: Majid amebaki peke yake, analia. Anne anaiona na kugundua kwamba mumewe amemdanganya kuhusu alichokikuta Romainville. Pierrot anapokosekana nyumbani usiku mmoja, Georges anaita polisi, nao wanamkamata Majid na mwanawe na kuwalaza mahabusu. Kumbe mtoto alikuwa amelala kwa rafiki. Kisha Majid anampigia simu Georges, anamwomba aje, anamwambia alitaka awepo, na hapohapo anajikata koo.

Picha ambayo huwezi kujua ni ya nani

Ili kuielewa filamu hii inabidi kuanza na jambo la kiufundi, maana ndilo linalobeba mengine yote.

Picha ya kwanza ni ya nyumba. Mtaa mtulivu, magari yameegeshwa, ndege wanalia, mtu anapita kwa baiskeli. Majina ya wahusika na mafundi yanaandikika juu ya picha kwa herufi ndogo. Sisi tuliozoea sinema tunajua maana ya picha ya namna hii: filamu inatuonyesha mahali kisa kitakapotokea. Tunasubiri. Hakuna kinachotokea. Ghafla tunasikia sauti za mume na mke wakiongea juu ya picha, kisha mistari inapita kwenye skrini na mtaa mzima unaanza kwenda kinyumenyume. Tulichokidhania kuwa ni filamu ya Haneke kilikuwa ni kanda, na Georges na Anne wamekaa sebuleni wanaitazama pamoja nasi.

Hila hii isingewezekana kama Haneke angepiga filamu kwa njia ya kawaida ya wakati ule. Filamu ya utepe wa seluloidi ina chembechembe zake, rangi zake, namna yake ya kupokea mwanga, na video ina sura nyingine kabisa. Haneke alijua hivyo vizuri, kwa sababu mwaka 1992 alitengeneza Benny's Video, kuhusu kijana anayemuua msichana mbele ya kamera yake ya nyumbani, na humo mtazamaji anatambua mara moja ni wakati gani anaona kanda ya Benny na ni wakati gani anaona filamu yenyewe. Katika Caché, yeye na mpigapicha wake Christian Berger walitumia kamera za video za kidijitali zenye ubora wa juu kwa filamu nzima. Maisha ya Georges na kanda za mtumaji vikawa na sura moja. Mpaka kati yao ukaondoka machoni.

Matokeo yake ni kwamba tunapoteza kitu ambacho hatukujua tunakitegemea. Baada ya dakika zile za mwanzo, kila kamera inaposimama bila kutikisika tunapata wasiwasi. Hii ni kanda au ni maisha? Nani anatazama? Mara moja mtaa uleule unaonekana tena, tunajiandaa kuona mistari ya kurudisha nyuma, lakini kamera inageuka kumfuata Georges anayetoka nje, na hapo tunajua kwamba safari hii si kanda. Mara nyingine tunaona kipindi cha Georges cha televisheni, wageni wanazungumza kuhusu vitabu, kisha picha inaganda: tuko kwenye chumba cha uhariri na Georges anaamuru sehemu ipi ikatwe. Mtu huyu kazi yake ni kuamua umma uone nini. Na ukuta wa vitabu ulio nyuma yake studioni unafanana sana na ukuta wa vitabu wa sebuleni kwake, kiasi kwamba tunaanza kuishuku hata sebule.

Hamna muziki wowote wa kutuongoza, hakuna fidla za kutuambia sasa ogopa. Mlango ukifungwa, tunausikia mlango.

Watu wengi huiweka Caché kwenye orodha ya filamu kuhusu uchunguliaji, kando ya Rear Window ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1954 na Peeping Tom ya Michael Powell ya mwaka 1960. Ni sawa, lakini tofauti ni kubwa. Katika filamu hizo mchunguliaji tunamjua, tunakaa upande wake wa lenzi, na raha ya kuchungulia ni ya kuona kilicho cha faragha. Kanda za Caché hazionyeshi cha faragha hata kidogo, ukiacha ile ya Majid akilia. Mbele ya nyumba yako kila mpita njia anapaona. Barabara ya kwenda Romainville ni ya umma. Kwa hiyo hofu ya Georges haitoki kwenye kanda. Alikuwa nayo kabla hazijafika. Mtu asiye na la kuficha angezipeleka polisi, angekasirika, kisha angelala. Georges anaota ndoto za jogoo.

Oktoba 1961

Sehemu hii ndiyo ambayo mtazamaji asiye Mfaransa huipita haraka, na bila kuijua filamu inabaki fumbo tupu.

Vita vya uhuru wa Algeria vilianza mwaka 1954 na kumalizika mwaka 1962. Maelfu ya Waalgeria waliishi na kufanya kazi Paris na viungani mwake wakati huo. Tarehe 5 Oktoba 1961 mkuu wa polisi wa Paris, Maurice Papon, alitangaza amri ya kutotoka nje usiku iliyowahusu Waalgeria Waislamu peke yao. Chama cha ukombozi, FLN, kikawaita watu waandamane kwa amani usiku wa tarehe 17. Walikuja kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wengi wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakiwa wameagizwa wasibebe hata kisu. Polisi waliwapiga, waliwapiga risasi, na waliwatupa katika mto Seine. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa na kujazwa kwenye viwanja vya michezo, na huko nako walipigwa.

Taarifa rasmi za wakati ule zilitaja vifo 3. Mwanahistoria Jean-Luc Einaudi, aliyechimba suala hili kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1991, aliwahesabu waliouawa kuwa karibu 200. Jim House na Neil MacMaster walikadiria kwamba waliouawa katika Septemba na Oktoba mwaka huo walizidi 120. Idadi kamili haitajulikana, kwa sababu kuificha ilikuwa sehemu ya tukio lenyewe. Papon alibaki na cheo chake na baadaye akawa waziri. Alipohukumiwa hatimaye, mwaka 1998, ilikuwa kwa kushiriki kuwapeleka Wayahudi wa Bordeaux kwenye kambi za Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka huohuo alimshitaki Einaudi kwa kumchafulia jina kuhusu 1961, na mwaka uliofuata akashindwa.

Kwa hiyo tukio la ukubwa huu, katikati ya mji mkuu, mbele ya macho ya watu waliokuwa madirishani, kwenye mikahawa na kwenye treni za chini ya ardhi, liliweza kupotea katika mazungumzo ya umma kwa karibu miaka 30. Haneke amesimulia kwamba yeye mwenyewe alilijua kupitia filamu ya hali halisi aliyoiona kwenye televisheni ya Arte, na alishangaa kwamba alikuwa hajawahi kusikia habari zake.

Tazama sasa jinsi filamu inavyolitaja. Georges anamweleza Anne katika sentensi chache, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza jambo: maandamano, Papon, Seine, wazazi hawakurudi. Hakuna picha za kale, hakuna kumbukumbu ya mto. Wapo waliomlaumu Haneke kwa ufupi huo. Mimi naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, maana hivyo ndivyo mambo ya namna hii husemwa katika familia zilizoyapitia kwa upande wa waliokaa salama. Yanasemwa yakiwa yamekunjwa ndani ya sentensi nyingine, halafu mazungumzo yanahamia kwenye chakula. Georges anapomtembelea mama yake, bibi kizee aliye kitandani, na kumuuliza kuhusu Majid, anajibu kama mtu anayeulizwa habari za jirani aliyehama zamani. Hadanganyi, hafichi. Amepanga tu kutolikumbuka.

Filamu iliingia kwenye sinema za Ufaransa mwanzoni mwa Oktoba 2005, miezi michache baada ya Haneke kupewa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Februari mwaka huohuo bunge lilikuwa limepitisha sheria yenye kifungu kilichotaka shule zifundishe mchango mzuri wa ukoloni wa Ufaransa, hasa Afrika Kaskazini. Tarehe 27 Oktoba vijana wawili walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois, kitongoji cha Paris, walipokuwa wakiwakimbia polisi, na vitongoji vikawaka moto kwa majuma matatu. Serikali ikatangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955, sheria iliyotungwa kwa ajili ya vita vya Algeria. Haneke hakutabiri chochote, ila Wafaransa walioitazama filamu jioni na kukuta magari yanaungua kwenye taarifa ya habari hawakuhitaji maelezo ya nyongeza.

Basi ni nani?

Nimedokeza kwamba swali hili ni mtego, lakini haitoshi kusema hivyo na kulikimbia. Filamu inatoa dalili za kutosha kuwafikiria watu kadhaa, na inafaa kuona kila mmoja anaangukia wapi.

Majid anajua habari za jogoo na za damu ya uongo, na ndiye mwenye sababu. Lakini mshangao wake Georges anapoingia ni wa kweli, na kilio chake kwenye kanda kinaendelea muda mrefu akiwa peke yake, hana wa kumwigizia. Akinidanganya Bénichou katika tukio hilo, basi sitamwamini mwigizaji mwingine tena. Mwanawe ni mshukiwa mwenye nguvu zaidi: ni kijana, angeweza kuficha kamera kwenye rafu ya nyumba yao, na baba yake huenda alimsimulia yote. Naye anakana mbele ya Georges, kwa utulivu, wakati ambapo hana tena cha kuogopa. Pierrot ana hasira na wazazi wake, anamshuku mama yake kuwa na uhusiano na rafiki wa familia, na anaingia na kutoka nyumbani atakavyo. Ila hawezi kumjua jogoo isipokuwa ameambiwa na mtu.

Hapo ndipo picha ya mwisho inapowasha moto. Kamera imesimama mbele ya ngazi za shule ya Pierrot, wanafunzi wanatoka, wazazi wanasubiri, majina ya mwisho yanaanza kupanda. Upande wa kushoto, katikati ya umati, mwana wa Majid anamwendea Pierrot, wanazungumza kidogo, wanaachana. Hatusikii wanachosema. Watu wengi sana hawawaoni kabisa, hata kwenye skrini kubwa ya sinema, na anayeitazama kwenye simu hana matumaini. Haneke aliwaandikia maneno ya kusema na amekataa kuyatoa hadharani. Je, wamekula njama tangu mwanzo? Wanakutana sasa kwa mara ya kwanza? Tukio hili ni la kabla ya yale mengine? Kila jibu linawezekana, na hakuna linaloondoa vizuizi vyote.

Kizuizi kikubwa ni kamera yenyewe. Kanda ya kwanza imepigwa mahali ambapo Georges alipita karibu sana, na anashangaa mwenyewe imekuwaje hakumwona mpigaji. Kifo cha Majid tunakiona kutoka pembe ileile iliyotumika kwenye kanda ya kilio chake, lakini hakuna anayetuambia kama hiyo nayo ni kanda. Kisha, karibu na mwisho, Georges anarudi nyumbani mchana, anameza vidonge, anafunga mapazia na kulala. Tunaona uwanja wa shamba, zamani. Gari limekuja kumchukua Majid mdogo. Anapiga kelele, anajaribu kukimbia, anakamatwa, anasukumwa ndani. Kamera iko mbali, gizani ndani ya banda, haisogei hata sentimita moja hadi gari linapopotea. Ni mtindo uleule wa kanda, hakuna tofauti. Na mwaka 1961 hapakuwa na mtu wa kupiga picha kwenye banda hilo.

Palikuwa na mtoto mmoja tu ambaye angeweza kusimama pale akatazama kimya mpaka mwisho. Kwangu tukio hili ndilo ufunguo, kuliko lile la ngazi za shule ambalo kila mtu hulizungumzia. Mchunguliaji wa kwanza katika kisa hiki ni Georges. Picha ya mbali, isiyotikisika, isiyoingilia kati, ambayo imemtia hofu tangu dakika ya kwanza, ni namna yake mwenyewe ya kuangalia aliyojifunza akiwa na miaka 6. Aliyemrudishia, awe nani, amemrudishia macho yake.

Kwa sababu hiyo nakubaliana kwa nusu tu na wanaosema kwamba mtumaji ni Haneke mwenyewe, basi tuyaache. Kwa maana ya kiufundi wako sahihi: ni mwongozaji pekee anayeweza kuweka kamera mahali pasipowezekana. Lakini jibu hilo linaigeuza filamu kuwa mchezo wa kijanja kuhusu sinema, na kumsahau Majid sakafuni.

Kutazama na kushuhudia

Majid alipomwita Georges alisema alitaka awepo. Hakutaka pesa, hata msamaha hakuuomba. Kwa miaka yote alikuwa kitu kilichoondolewa machoni. Mara moja aliwahi kumwona Georges kwenye televisheni, akahisi vibaya kabla hajatambua ni nani. Fikiria mpangilio huo: mmoja anaonekana na nchi nzima kila wiki, mwingine haonekani na yeyote. Kinachofanyika chumbani ni jaribio la kumlazimisha Georges aone bila skrini katikati, akiwa mita mbili kutoka kwenye damu, bila chumba cha uhariri.

Na Georges anashindwa hata hapo. Anazungukazunguka chumbani, hagusi mwili, haiti mtu. Baadaye tunamwona akitoka kwenye jumba la sinema. Sijui tukio la kikatili kuliko hilo katika filamu hii, na halina tone la damu: mtu ametoka kuona kifo, akaenda kukaa gizani kutazama picha za watu wengine. Mwana wa Majid anapomfuata kazini na kumbana msalani, Georges anamtishia na kusema hana cha kujilaumu. Kijana anajibu kwamba alitaka tu kuona mtu mwenye jambo kama hilo kwenye dhamiri yake anakuwaje. Amekuja kutazama, na amesema hivyo waziwazi, ana kwa ana. Ni mtu pekee katika filamu nzima anayefanya hivyo.

Kuna pigo moja dhidi ya Caché ambalo nalichukua kwa uzito. Mwaka 2007 Paul Gilroy, mwanazuoni wa Uingereza, aliandika kwamba filamu inampa Majid uhai mdogo mno, kwamba Mwalgeria anaingia ili alie na afe, na kifo chake kinageuka kuwa tatizo la kisaikolojia la tajiri wa Kifaransa. Ukihesabu matukio, ana hoja. Hatujui Majid anafanya kazi gani, mama wa mwanawe yuko wapi, anapenda nini. Mwanawe hana hata jina. Utetezi wa kawaida ni kwamba filamu inaonyesha upofu wa Georges kutoka ndani, kwa hiyo haiwezi kuona zaidi ya aonavyo yeye. Utetezi huo unanitosha kwa nusu tu. Haneke aliweza kuweka kamera mahali popote, hata ndani ya banda la mwaka 1961. Angeweza kuiweka dakika 5 jikoni kwa Majid asubuhi moja, kabla Georges hajabisha hodi. Kanda ya kilio ndiyo inayokaribia kufanya hivyo, na si bahati kwamba ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote.

Ambaye ataitazama sasa, kwa mara ya kwanza au ya pili, ningemshauri aachane na kumsaka mtumaji na ahesabu kitu kingine: ni mara ngapi Georges anaulizwa swali la moja kwa moja kuhusu Majid, na kila mara anajibu nini. Anadanganya mkewe. Anadanganya marafiki mezani. Bosi wake anamwambia kanda imefika hata kwake na kwamba ameiharibu, naye anachukua ulinzi huo na kuendelea na kazi. Ufaransa yenyewe nayo imejibu kidogokidogo kuhusu Oktoba 1961: bamba la kumbukumbu liliwekwa kwenye daraja la Saint-Michel mwaka 2001, Rais Hollande akakiri mauaji mwaka 2012, Rais Macron akasema mwaka 2021 kwamba uhalifu ule hauna udhuru, na Machi 2024 Bunge likapitisha azimio la kuyalaani. Hakuna polisi hata mmoja aliyewahi kuhukumiwa.